Gari Lililosimama: Mhadhara juu ya Hadhari za Njiani na Namna Tunavyosimuliwa Ajali



Habari za ajali za barabarani ni nyingi, na hapana mtu katika ukumbi huu ambaye hazijamfikia, ama kwa msiba wa jamaa yake, ama kwa kilio cha jirani, ama kwa matangazo ya redio ya alfajiri. Kwa hiyo naomba idhini yenu nisijaribu kuzieleza zote, nishike sehemu moja ambayo aghalabu huachwa bila ya kutazamwa. Nataka kunena juu ya gari lililoharibika likasimama njiani, na juu ya muda unaopita tangu liliposimama hata lilipoondolewa, au hata lilipogongwa. Pamoja na hayo nataka kunena juu ya magazeti na redio zetu, ambazo hutuletea habari ya mgongano siku ya pili yake, ilhali kisa chenyewe kilianza saa nyingi nyuma, pale gari lilipokufa na asiwepo mtu wa kulisimamia inavyostahili. Mambo haya huhesabiwa kuwa mbalimbali, moja la mafundi na madereva, la pili la watu wa kalamu. Mimi nayaona kuwa jambo moja, na sababu zangu nitazieleza.

Mwezi wa Januari mwaka 2025, katika eneo la Segera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, palitokea ajali ya gari, na watu waliokuwa karibu, kwa huruma ambayo ni sifa njema ya watu wetu, wakakimbilia pale kuwaokoa waliomo. Wangali wamekusanyika barabarani, lori likaja likawavamia. Watu 11 wakafa, na wengine zaidi wakaumia. Waliokufa hawakuwa wazembe. Walikuwa wametoka majumbani mwao kutenda wema. Lakini ile ajali ya kwanza iliigeuza sehemu ile ya barabara kuwa mahali pa hatari kuliko ilivyokuwa kabla. Kisa hiki nakitaja mwanzoni kwa kuwa kinaonyesha wazi kwamba gari likisimama mahali pasipo pake, msiba haujakwisha. Pengine ndiyo kwanza unaanza.

Natufanye hesabu kidogo, maana katika jambo hili hesabu huhukumu kwa haki kuliko hasira. Basi la abiria linalokwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mpaka uliowekewa mabasi katika Tanzania na Kenya, hukata zaidi ya mita 22 katika kila sekunde. Dereva mzima, asiye na usingizi wala kileo, akiona kizuizi mbele yake huhitaji kadiri ya sekunde moja na nusu kukitambua, kuamua, na kuupeleka mguu kwenye breki. Na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 bila ya kupunguza mwendo hata kidogo. Ndipo breki zianze kazi yake, na gari kubwa lililojaa, hata kama breki ni njema na lami ni kavu, litataka mita 40 au 50 nyingine kabla ya kutulia. Jumla yake ni mita 80 hivi. Sasa zitazameni taa zake: taa zilizoinamishwa, ili zisimpofue anayekuja upande wa pili, humulika kitu cheusi kisichorudisha mwanga kwa umbali wa kiasi cha mita 40 hadi 60 tu. Tela la lori lililojaa vumbi, lililozimika usiku wa manane bila ya taa wala alama, ni kitu cheusi cha namna hiyo. Maana ya hesabu hii ni kwamba dereva anayetii sheria, akiwa na gari zima na akili zake timamu, aweza kuliona lori lile na bado asiwe na nafasi ya kusimama. Amekwisha kuchelewa kabla macho yake hayajamwambia neno.

Sisemi hivi ili kumwondolea dereva dhima yake. Mtu aendeshaye usiku amefaradhiwa kwenda mwendo ambao atasimama ndani ya upeo wa anachokiona, na kama anaona mita 50 basi mwendo wake uwe wa mita 50. Lakini nasema kwamba katika mgongano wa namna hii wapo watu wawili wa kuulizwa, na mmoja wao, yule aliyeliacha gari gizani, mara nyingi hatajwi kabisa.

Dawa ya kizuizi hiki inajulikana ulimwenguni kote na si ya gharama. Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 unataka gari lililosimama katika njia ya magari nje ya mji lionyeshwe kwa namna itakayowatahadharisha mapema wanaokuja. Pembetatu nyekundu inayorudisha mwanga ndiyo alama iliyozoeleka. Fadhila yake ni kwamba haihitaji betri wala moto. Hungoja mwanga wa taa za mgeni na kumrudishia mwenyewe, hata akaiona akiwa mbali sana kuliko angaliona gari lenyewe. Madereva wengi wa kwetu wanayo. Lakini wengi huinunua ili wamwonyeshe trafiki, pamoja na kizimamoto, katika siku za ukaguzi wa wiki ya Nenda kwa Usalama, kisha huirudisha chini ya kiti ikakaa huko hata mfuko wake wa nailoni usitolewe. Siku gari linapozimika, dereva hutoka kwa haraka akalikabili tairi au injini, na pembetatu hukumbukwa baada ya saa nzima, au hukumbukwa na polisi wanaoikuta ndani ya mabaki ya gari.

Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu mambo ya kufanya, kwa sababu nimesikia mihadhara mingi inayohimiza hadhari bila kumwambia mtu hadhari ni nini. Gari likianza kudhoofika, dereva asingoje life kabisa. Madhali bado lina nguvu za kusogea, na aliondoe kwenye kona, juu ya daraja, na kwenye kilele cha mlima, maana mahali hapo ndipo mwenye kuja haoni mpaka amefika. Alipeleke kushoto kadiri ya uwezo wake, nje ya lami kama bega la barabara linaruhusu, na magurudumu ya mbele ayapinde kuelekea kushoto, ili gari likisukumwa kwa nyuma lisirudi barabarani. Awashe taa za tahadhari, lakini asizitegemee hizo peke yake. Kwani ikiwa ubovu wenyewe ni wa umeme, au kama kungoja ni kwa saa nyingi, betri itadhoofika na taa zile zitazima wakati dereva amelala. Abiria na washuke kwa mlango wa kushoto, kamwe wasishuke kwa upande wa magari yapitayo, na waende mbali na lami, ng'ambo ya mtaro ikiwezekana. Wala wasijipange mbele ya gari lao kwa kudhani kwamba kiwiliwili chake kitawakinga. Gari likigongwa kwa nyuma, mbele ndiko liendako.

Neno hili la kwenda mbali na lami lina mahali pake pagumu, nami sipendi kulitoa kana kwamba barabara zote ni moja. Katika Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita kiasi cha kilomita 50, kumwambia mama mwenye mtoto aingie majanini usiku ni kumtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine. Hapo shauri langu ni gari lisukumwe litoke kwenye lami kabisa, hata kama rimu itaharibika, maana rimu hununuliwa. Na abiria wakae pamoja kwenye ukingo wa nje, nyuma kidogo ya gari, mmoja wao akiangalia magari na mwingine akiangalia pori. Na katika mlima wa Kitonga, upande wa Iringa, ambako njia ni nyembamba, ukuta wa jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, hakuna bega la kuegeshea wala mahali pa kukimbilia. Lori likifa pale, kazi ya kwanza ni kumtuma mtu juu na mtu chini ya mlima wazuie wanaokuja, kabla spana haijatolewa.

Sasa pembetatu. Mwenye kuipeleka aende kwa miguu pembezoni mwa barabara, uso wake ukiyaelekea magari yajayo, naye ameishika mbele ya kifua chake ili imlinde yeye mwenyewe wakati anatembea. Kanuni za barabara za Uingereza husema iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari, na katika barabara zao kuu za mwendo wa kasi zinakataza kabisa kuiweka, kwa kuwa huko kumtembeza mtu kando ya magari kuna hatari kupita faida. Nasi tuichukue akili iliyo ndani ya kanuni hiyo: uhai wa mtu hutangulia alama. Mita 45 ni uchache wake. Katika barabara zetu za nje ya mji, na hasa penye mteremko au kona, ningependa iwe mita 100 au zaidi, iwekwe kabla ya kona na si ndani yake, na katika barabara ya njia mbili zisizo na kizuizi kati yao iwekwe nyingine upande wa mbele pia. Hatua ndefu 100 za mtu mzima zinatosha kukadiria. Haihitajiki kamba ya kupimia.

Watu wetu walikuwa na alama yao kabla ya pembetatu, nami naiheshimu. Ni matawi ya miti yanayokatwa na kutandazwa barabarani, na kila msafiri wa bara anajua kwamba akiona majani mabichi juu ya lami, mbele kuna gari bovu. Mchana desturi hii inafaa sana, tena ni ishara ya watu wasiotaka wenzao wadhurike. Usiku haifai, majani hayarudishi mwanga, na huonekana wakati gari limekwisha kuyakanyaga. Kadhalika yapo mawe. Utingo hutia mawe makubwa nyuma ya magurudumu ili lori lisirudi nyuma, naye anatenda sawa. Kisha lori likipona, furaha ya kuondoka huwafanya wote wapande juu na mawe yakabaki pale pale katikati ya njia. Mwendesha pikipiki anayepita saa mbili baadaye hana habari ya lori lile. Sisi watu wa pwani tumefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika tanzu za imani. Basi nashangaa kwamba jambo la wazi kama hili, ambalo mtoto wa chuo angeweza kulitolea fatwa, limekuwa mazoea ya watu wazima kuliacha.

Na anayefanya kazi ile ya chini ya gari, mara nyingi ni kijana. Tairi la kulia likipasuka, yeye hupiga magoti juu ya lami yenyewe, akiyapa mgongo magari yajayo, masikio yamejaa mlio wa spana. Au hulala chini ya tela lililoinuliwa kwa jeki juu ya udongo laini, bila ya gogo wala kigingi cha kuhakikisha kwamba halitamshukia. Mwajiri aliyemtuma safari hakumpa kizibao kinachong'aa wala tochi, na aghalabu hajui hata jina lake la ukoo. Akifa, gazeti humwita utingo, na habari zake huishia hapo.

Hapa nafika kwa watu wa kalamu.

Habari ya ajali katika nchi zetu ina umbo ambalo msomaji mzoefu anaweza kulikariri kabla hajafungua gazeti. Basi limeligonga kwa nyuma lori lililokuwa limeegeshwa; watu kadhaa wamefariki dunia; Kamanda wa Polisi wa mkoa amethibitisha; chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva; miili imehifadhiwa katika hospitali ya wilaya; Kamanda amewaasa madereva wazitii sheria. Hayo yote huenda ni kweli. Lakini itazameni kauli ile, kwamba lori lilikuwa limeegeshwa. Limeegeshwa na nani? Tangu saa ngapi? Lilikuwa juu ya lami au nje yake? Palikuwa na pembetatu, na kama palikuwa nayo, ilikuwa hatua ngapi? Mwenye lori alipigiwa simu lini, naye alijibu nini? Gari la kuvuta liliitwa, au liliogopwa kwa gharama yake? Askari wa doria walipita pale mara ngapi kabla ya mgongano? Kila swali katika haya lina mtu anayeweza kulijibu, na mengi hayahitaji elimu ya uhandisi kuyauliza. Lakini yasipoulizwa, lori lile huonekana katika habari kana kwamba ni mlima uliokuwapo tangu kuumbwa kwa dunia, na hatia yote humwelemea dereva wa basi, ambaye pengine amekwisha kufa na hawezi kujitetea.

Mwendokasi ndiyo sababu inayotajwa kwa wepesi kuliko zote, na sikatai kwamba unaua. Lakini katika Tanzania mabasi ya masafa marefu yana vifaa vinavyofuatiliwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na vifaa hivyo huonyesha mwendo wa basi linapokuwa njiani. Basi mwandishi anayeambiwa asubuhi kwamba chanzo ni mwendokasi, kabla wahandisi hawajapima alama za matairi, anayo haki, tena ni wajibu wake, kuuliza kumbukumbu ya kifaa inasema nini. Kauli ya Kamanda ni kauli ya mtu mwenye heshima, aliyefika mahali pale katika taharuki, na mara nyingi ni dhana ya kwanza yenye nia njema. Haijawa matokeo ya uchunguzi. Gazeti linalolichapa neno la saa tatu baada ya msiba kama hukumu, kisha lisirudi tena, humfanyia Kamanda yule dhulma, kwa kuwa humbebesha jukumu la kadhi ilhali yeye alitoa taarifa tu.

Natambua pia dhiki za waandishi, nami nataka haki yao isemwe. Wengi wa walio mikoani hulipwa kwa habari moja moja, hawana gari la kuwapeleka mahali pa tukio, na mhariri aliye mjini anataka mistari 20 kabla ya saa kumi jioni. Wapo miongoni mwao waliofuata kisa mpaka mwisho kwa nauli yao wenyewe. Lawama yangu haiendi kwao hasa. Inawaendea wenye magazeti na vituo vya matangazo, ambao hupata fedha za kumpeleka mwandishi uwanjani kufuata timu ya mpira, wala hawapati za kumrudisha Segera.

Tena kuna namna mbaya zaidi ya kusimulia, nayo ni kumhukumu aliyekufa. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta ya petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, na habari zilizotolewa zilisema kwamba dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu walikusanyika, wapo waliochota mafuta, moto ukalipuka, na idadi ya waliokufa ikapita 100. Kwa siku nyingi neno lililotawala lilikuwa tamaa: watu wamekufa kwa tamaa ya petroli. Miaka kumi na miezi michache kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, yalitokea mambo yayo hayo Sachangwan, karibu na Molo, nchini Kenya, wakafa watu zaidi ya 100, na neno lilikuwa hilo hilo. Na katikati ya hayo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katika Kivu ya Kusini, Kongo, mahali ambapo watu huzungumza Kiswahili hiki hiki chetu, na waliokufa walizidi 230. Huko Sange wengi wa walioungua walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na wengine walikuwa majumbani mwao pamoja na watoto. Hao walitamani nini?

Neno tamaa linamstarehesha msomaji, kwa sababu linamwambia kwamba msiba ule ni wa watu wa namna nyingine. Lakini linafunika yale ambayo yangaliokoa maisha ya kijiji kingine kesho yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki ukapaa, hutambaa chini, huingia mitaroni na mabondeni, na huweza kuwaka kwa cheche iliyo mbali na mafuta yenyewe, kutoka kwa injini ya pikipiki, au betri, au jiko la mama lishe. Mtu aliyesimama kutazama tu, mikono mitupu, yumo hatarini sawa na mwenye dumu. Kila gazeti lililokuwa na nafasi ya kuandika juu ya tamaa lilikuwa na nafasi ya kuandika sentensi hizi chache, na kuongeza kwamba lori la mafuta likipinduka watu wakimbie kuelekea upepo utokako, wazime injini zote, wasikaribie hata kwa kuokoa mali. Kadhalika lilikuwa na nafasi ya kuuliza ni nani mwenye wajibu wa kuzingira mahali pale, zimamoto ilifika baada ya muda gani, na kwa nini yaliyojulikana tangu Sachangwan na Sange hayakuwafikia watu wa Msamvu.

Na kuna jambo la hesabu ya wafu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa amekufa kwa ajali ya barabarani kila aliyefariki ndani ya siku 30 tangu ajali. Msamvu idadi ya siku ya kwanza ilikuwa kiasi cha 60. Majeruhi walipopelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kwingineko, waliendelea kufa siku baada ya siku, hata idadi ikapita 100. Idadi ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa katika ukurasa wa mbele, na za baadaye zilipungua ukubwa kadiri wafu walivyoongezeka. Kwa ajali ndogo, zisizo na jina, hata hizo za baadaye hazichapwi. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo karibu na Mtito Andei, nchini Kenya, akafa baada ya majuma matatu hahesabiwi na gazeti lolote. Shirika lilo hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani ulimwenguni, na kwamba kanda yake ya Afrika, yenye takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, inabeba karibu moja ya tano ya vifo hivyo. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kuelezwa na uzembe wa dereva mmoja mmoja, labda mtu aamini kwamba Mwenyezi Mungu amewaumba wazembe wote katika bara hili, na hilo siliamini abadani. Unaelezwa na magari makuukuu, na barabara zisizo na mabega, na lori lisilovutwa kwa sababu hakuna gari la kulivuta ndani ya kilomita 100, na hospitali iliyo mbali, na mwajiri anayemtaka dereva afike kesho asubuhi. Mambo hayo yote yalikuwapo kabla ya mgongano, na yote yanaweza kuchunguzwa na mtu mwenye daftari na subira.

Tangu mwaka 2023 Serikali ya Tanzania imeruhusu mabasi kusafiri usiku baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Sina ugomvi na ruhusa hiyo. Biashara inaihitaji, na wagonjwa wanaihitaji. Lakini lori bovu lililokuwa likikaribiwa na mabasi ya mchana sasa linakaribiwa na mabasi yaliyojaa watu waliolala, na kila saa linayokaa gizani imekuwa na thamani nyingine. Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka watoe amri moja inayotekelezeka: gari kubwa lililozimika juu ya lami usiku lihesabiwe kuwa ni dharura tangu dakika ya kwanza, iwepo namba ya simu ya kupigiwa inayojulikana na kila utingo, na gharama ya kulivuta idaiwe kwa mwenye gari baadaye, isiwe sharti la kuja.

Wahariri mlioitikia mwaliko huu, ombi langu kwenu ni hili. Mwandishi wenu akileta habari ya mgongano, mrudisheni kwa swali moja kabla hamjaichapa: nini kilikuwapo barabarani saa moja kabla? Na siku ya 30 baada ya ajali kubwa, mtumeni tena, aende hospitali, aende kwa polisi, aende kwa mwenye gari, aende pale pale penyewe aone kama mawe yangalipo. Kisha mlichape aliloliona katika ukurasa ule ule mliochapia habari ya kwanza. Na ninyi madereva, pamoja na vijana wenu wa kazi, mkitoka humu leo fungueni mifuko ya pembetatu zenu mjue zinavyokunjuliwa, mziweke mahali mkono unapofika gizani, na gari likifa njiani mzitoe hizo kabla ya jeki.